Amri Moja Inatosha Kuilaza Seva ya Faili

Watu wengi wakisikia seva imeangushwa makusudi huwaza mafuriko: maelfu ya kompyuta zilizotekwa, zote zinagonga mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mashambulizi ya aina hiyo yapo, na kuyazuia ni kazi ya mtoa huduma wa intaneti zaidi kuliko yako. Seva za kuhamishia faili, hizi za FTP na SFTP ambazo ofisi nyingi huzitumia kupokea ripoti za matawi, picha za kamera za ulinzi na nyaraka kutoka kwenye skana, zinaweza kulazwa kimyakimya zaidi. Mtu mmoja mwenye laptop na bando la kawaida anatuma amri ya mstari mmoja. Seva inaanza kuishughulikia na haimalizi. Ukitazama grafu ya mtandao, imetulia. Ukitazama prosesa, imefika asilimia 100, na simu za watu wa matawini zimeanza kuita.

Hapa tutaona udhaifu wa namna hiyo unavyofanya kazi, kisha vikomo vya kuweka ili amri kama hiyo ikija iishie kumchosha aliyeituma. Mifano mingi nimeichukua kwenye Linux, kwa vsftpd, ProFTPD na OpenSSH, kwa kuwa ndizo programu utakazozikuta mara kwa mara ukikabidhiwa seva ya mtu mwingine. Anayetumia Windows naye asiondoke. Jina lake limo kwenye orodha ya walioumia.

Nyota inayozaana

Amri za FTP za kuorodhesha faili, yaani LIST, NLST na STAT, hukubali alama ya nyota. Ukiandika LIST *.pdf seva inakutafutia faili zote za PDF, na hapo hakuna ubaya. Shida huanza mtu anapochanganya nyota na nukta mbili, alama inayoiambia seva irudi folda ya juu. Chukua folda yenye folda nyingine 10 ndani yake. Amri LIST */../ maana yake ni ingia kila folda, kisha toka. Hizo ni njia 10. Kipande hicho kikirudiwa mara mbili, kila njia kati ya zile 10 inazaa nyingine 10, zinakuwa 100. Kikirudiwa mara tatu, ni 1,000. Mara sita, njia milioni moja, na amri nzima ina herufi 35 ukihesabu na nafasi. Ongeza vipande viwili tu uone: milioni 100. Seva haijiulizi kwa nini mtu aingie na kutoka folda zilezile kutwa nzima. Imeulizwa, inajibu.

Ni kama mteja anayeingia duka la vifaa vya ujenzi asubuhi, akamwomba muuzaji amtajie bei ya kila msumari ukichanganywa na kila nati, na muuzaji kwa adabu zake akaanza kutaja. Wanaoumia ni waliopanga foleni nyuma.

Kosa hili limezunguka nyumba nyingi. Mwaka 2001 liliandikishwa kwa ProFTPD 1.2.1, chini ya namba CVE-2001-1501. Oktoba 2009 Microsoft ilitoa taarifa MS09-053 kuhusu huduma ya FTP ya IIS, matoleo ya 5.0 hadi 7.0: amri ya kuorodhesha folda pamoja na zote zilizomo ndani yake, ikichanganywa na nyota na nukta mbili, iliiangusha huduma nzima. Mwaka 2010 mtafiti Maksymilian Arciemowicz alionyesha kasoro ya jamii hiyohiyo kwenye maktaba ya C ya FreeBSD, NetBSD na OpenBSD, ile inayotumiwa na programu nyingi kutafsiri nyota. Mwaka uliofuata akageukia vsftpd, programu inayosifika kwa uangalifu wa mwandishi wake, Chris Evans. Hapo ikaonekana kwamba matoleo yote ya kabla ya 2.3.3 yangeweza kulazwa kwa amri ya STAT yenye nyota na mabano yaliyosukwa kwa ustadi, ikitumwa kwenye vikao kadhaa kwa pamoja. Namba yake ni CVE-2011-0762.

Kesi hiyo ya vsftpd ina mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyaruka. La kwanza, taarifa inasema mshambuliaji lazima awe ameingia kwa akaunti. Wengi wakisoma hapo hupumua: "Sisi tuna nywila." Lakini seva inayoruhusu akaunti ya umma, ile ya anonymous, imemkaribisha kila mtu duniani kama mtumiaji halali. Na hata bila hiyo, akaunti ya tawi ambayo nywila yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skana si siri ya mtu yeyote.

La pili ni jinsi vsftpd inavyojigawa. Kila kikao hupewa mchakato wake. Mchakato ukishazama kwenye hesabu ya nyota hautazami waya. Mteja anaweza kukata muunganisho akaenda zake, nao ukaendelea kuhesabu. Kikomo cha muda wa kukaa kimya nacho hakiuoni, kwa kuwa kwa mtazamo wa programu mchakato huo hauko kimya, uko kazini. Mshambuliaji anafungua kikao kingine, na kingine, hadi kila kiini cha prosesa kimekamatwa. Ndiyo maana idadi ya vikao kwa mtu mmoja ni kikomo cha kwanza cha kuangalia, kabla hata hujafika kwenye nyota zenyewe.

SFTP nayo si kinga

Kuna ushauri unaotolewa kirahisi: acha FTP, hamia SFTP, umemaliza. Nusu yake naikubali kabisa. FTP ya kawaida hupitisha nywila wazi kwenye mtandao, na kama huna kifaa kinachoilazimisha, sioni sababu ya kuibakiza. Nusu ya pili, ile ya "umemaliza", haina ukweli.

Februari 2025 kampuni ya Qualys ilitangaza CVE-2025-26466 kwenye OpenSSH, programu inayobeba SFTP kwenye karibu kila seva ya Linux. Kasoro iliingia na toleo la 9.5p1 la mwaka 2023, ikarekebishwa kwenye 9.9p2. Ndani ya mazungumzo ya kubadilishana funguo, kabla mtu hajataja hata jina la akaunti, mteja aliweza kutuma vifurushi vidogo vya ping. Kila kifurushi cha baiti 16 kiliifanya seva itenge baiti 256 za RAM kwa ajili ya jibu, na majibu yote yalikaa pale hadi mazungumzo ya funguo yaishe. Kwa hiyo aliyetuma megabaiti moja aliikamata seva megabaiti 16, na mwisho wa mazungumzo prosesa nayo ilipata kazi ya kuyapanga yote. Hapa hakuna nywila iliyohitajika.

Aliyesoma taarifa ile hadi mwisho alikuta jambo la kutia moyo: vikomo ambavyo OpenSSH ilikuwa navyo tayari, LoginGraceTime, MaxStartups na, kwenye matoleo mapya, PerSourcePenalties, vilipunguza makali hata kabla ya kiraka. Aliyekuwa amevipanga vizuri alikuwa na muda wa kusasisha kwa utulivu.

Angalia kwanza ulichonacho

Usianze kubadilisha chochote kabla hujajua ni programu gani inasikiliza kwenye poti gani. Kwenye Linux andika ss -tlnp ukiwa na haki za msimamizi, utafute poti 21, 22 na 990. Mara nyingi unakuta mgeni: ProFTPD iliyokuja na paneli ya kuendeshea tovuti, au huduma ya FTP iliyowashwa kwa ajili ya jaribio fulani na kuachwa hapo. Kama haina mwenyewe, izime. Huduma iliyozimwa haihitaji kiraka wala kikomo.

Kisha toleo. Hapa watu hupotea, kwa sababu namba ya toleo pekee haikuambii kama umepona. Ubuntu 24.04 ina OpenSSH 9.6p1, ambayo iko ndani ya kundi lililoathirika na kasoro ya ping. Ubuntu hawakupandisha toleo hadi 9.9p2; walichukua rekebisho na kulibandika kwenye 9.6p1 ileile. Seva iliyosasishwa na isiyosasishwa zote zitajitaja 9.6p1. Skana za usalama zinazosoma namba peke yake zitakutisha bure, au mbaya zaidi, zitakufanya uzoee kupuuza. Kwa upande mwingine Debian 12 yenye 9.2p1 haikuguswa kabisa na kasoro hiyo, si kwa sababu ni bora, ila kwa sababu ni ya zamani kuliko kosa lenyewe. Swali sahihi unaliuliza kwenye historia ya kifurushi. Kwenye Ubuntu na Debian:

apt changelog openssh-server | grep 26466

Na kwenye jamii ya Red Hat:

rpm -q --changelog openssh-server | grep CVE

Ukishasasisha, tazama kwa systemctl status huduma ilianza lini. Ikiwa tarehe ya kuanza ni ya kabla ya sasisho, kinachoendelea kufanya kazi kwenye RAM ni programu ya zamani, iwashe upya.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyokera. Diski za mtandaoni, kamera na mashine za fotokopi zina seva za FTP ndani yake, na watengenezaji wengi huacha kuvitolea masasisho vikiwa bado vizima. Hapo usipoteze muda kutafuta kiraka ambacho hakipo. Viweke kwenye mtandao wao wa pembeni, visionekane kutoka nje, na mwenye kuvihitaji akiwa mbali apitie VPN.

Vikomo vya vsftpd na ProFTPD

Faili ya mipangilio ya vsftpd iko /etc/vsftpd.conf kwenye Debian na Ubuntu, na /etc/vsftpd/vsftpd.conf kwenye Red Hat na ndugu zake. Kwa ofisi yenye watumiaji thelathini hivi, ningeanza na mistari hii:

anonymous_enable=NO
max_clients=60
max_per_ip=6
idle_session_timeout=180
data_connection_timeout=120
cmds_denied=STAT
ls_recurse_enable=NO

Mstari wa mwisho kwa kawaida tayari uko hivyo, kwani mwongozo wa vsftpd wenyewe unaonya kwamba kuorodhesha kila kitu kuanzia folda ya juu kabisa kunaweza kula rasilimali nyingi; kinachotakiwa ni kuhakikisha hakuna aliyeubadilisha. Kuzuia STAT kutazusha malalamiko machache, kwa sababu programu za kawaida za wateja hupata orodha kwa LIST au MLSD. Vikomo vya max_clients na max_per_ip hufanya kazi vsftpd inapojiendesha yenyewe. Ikiwa inaamshwa na inetd au xinetd, kikomo kiwekwe huko.

Namba ya max_per_ip isikuponyoke. Mtumiaji wa FileZilla, kwa mipangilio yake ya kawaida, ana muunganisho mmoja wa kuvinjari na mingine miwili ya kuhamisha faili. Ukiweka 2 umeshamfungia mtu mwema anayefanya kazi yake. Kuna na hili la kwetu: kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Maofisa wa uga watano wanaotuma ripoti kwa bando za simu wanaweza kuonekana kwa seva yako kama mtu mmoja. Kikomo cha 6 kinafaa ikiwa matawi yana laini zao za kudumu. Ikiwa watu wako wengi wako kwenye simu, panda hadi 20 au 30 na uegemee zaidi kwenye vikomo vya prosesa nitakavyovitaja mbele. Mwongozo ulioandikwa kwa ofisi ya Ulaya yenye anwani yake maalumu hautakukumbusha hili.

Poti za kupokelea data nazo ni kikomo, hata kama hukukusudia. Kwenye vsftpd zinapangwa kwa pasv_min_port na pasv_max_port, na kila faili inayohama huchukua yake. Mtu anayefungua poti 10 tu kwenye ukuta-moto ili "ajilinde" amerahisisha kazi ya mshambuliaji: anayetaka kuzijaza anahitaji vikao vichache mno. Fungua mia moja au mia mbili. Hazina gharama.

ProFTPD ina MaxInstances, kikomo cha michakato yote. Mfano wa mipangilio unaokuja nayo huweka 30 na kueleza waziwazi kwamba ni kinga dhidi ya mashambulizi ya kunyima huduma. Ongeza MaxClientsPerHost, TimeoutLogin na TimeoutIdle. Kwa nyota, ina mstari mmoja ambao Debian huuweka tangu mwanzo:

DenyFilter \*.*/

Maana yake: amri yoyote yenye nyota, kisha mkwaju mahali popote baada yake, ikataliwe. LIST *.pdf inapita. LIST */../ inagonga ukuta. Ni kichujio kifupi, na ukikitazama vizuri utaona kinalenga mzizi wenyewe, yaani nyota inayofuatwa na safari ya kuingia folda nyingine. ProFTPD pia ina ListOptions, ambamo unaweza kutaja maxfiles na maxdepth ili orodha isizidi kiasi fulani cha faili au kina cha folda. Kwa seva zenye folda moja iliyokusanya picha za kamera za miaka, hiki ndicho kikomo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu folda kama hiyo inaweza kuilaza seva bila adui yeyote: mtumishi anabofya tu kuifungua.

Vikomo vya OpenSSH, na mstari mmoja wa kuuchunguza leo

Andika hivi uone seva yako inatumia nini sasa hivi:

sshd -T | grep -Ei 'logingracetime|maxstartups|persource'

LoginGraceTime ni sekunde ambazo mtu anapewa kuingia kabla ya kufukuzwa. Kawaida ni 120. MaxStartups kawaida ni 10:30:100. Inasomwa hivi: wakifika 10 ambao bado hawajajitambulisha, seva inaanza kuwakataa wapya kwa uwezekano wa asilimia 30, uwezekano huo unapanda kadiri wanavyoongezeka, na wakifika 100 kila mpya anakataliwa.

Sasa mstari wa kuuchunguza. Julai 2024 ilitangazwa kasoro nyingine ya OpenSSH, CVE-2024-6387, iliyobatizwa regreSSHion, ambayo ingeweza kumpa mgeni haki za msimamizi. Kwa asiyeweza kusasisha mara moja, njia ya dharura ilikuwa kuweka LoginGraceTime 0, yaani kuondoa kikomo cha muda. Ilizuia uvamizi, lakini ilitajwa wazi kwamba inafungua mlango wa kunyimwa huduma: mtu anafungua miunganisho 100, hajitambulishi, hafukuzwi, na MaxStartups imejaa. Waliofuata ushauri ule walifanya sawa. Kazi iliyobaki ni kuirudisha baada ya kusasisha, na mambo ya dharura yana tabia ya kusahaulika yakishatulia. Ukiona jibu la logingracetime ni 0, sasisha kama bado, kisha weka 30. Sekunde thelathini zinamtosha hata mtu wa mtandao dhaifu, hasa kama anaingia kwa ufunguo.

Kuanzia toleo la 8.5 kuna PerSourceMaxStartups, kikomo cha wasiojitambulisha kutoka anwani moja. Kuanzia 9.8 kuna PerSourcePenalties, inayomfungia kwa muda anayerudia vituko, nayo imewashwa tangu mwanzo. Lile suala la anwani moja kwa wateja wengi wa simu linarudi hapa pia, kwa hiyo anza na namba ya ukarimu kisha ushuke.

Kwa watu wanaokuja kuhamisha faili tu, waweke kwenye kundi lao, uwape ForceCommand internal-sftp na ChrootDirectory. Mtu asiyeweza kuendesha amri nyingine kwenye seva ana njia chache za kuichosha. Kabla ya kuwasha upya huduma, jaribu mipangilio kwa sshd -t, na acha kikao kimoja cha SSH wazi pembeni. Ukikosea tahajia, kikao hicho ndicho kitakachokuokoa na safari ya kwenda chumba cha seva usiku.

Kikomo cha mwisho ni cha mfumo wenyewe

Vikomo vyote vya juu vinategemea programu ya FTP kuvitii, na hata maktaba ya C ya zile BSD tulizozitaja ilikuwa na kikomo chake, kikawa na upenyo. Kwa hiyo weka kingine nje ya programu. Kwenye Linux yenye systemd, andika systemctl edit vsftpd, uongeze:

[Service]
CPUQuota=200%
MemoryMax=1G
TasksMax=150

Asilimia 100 hapa ni kiini kimoja cha prosesa. Kwenye mashine ya viini vinne, 200% inamaanisha vsftpd, hata ikichanganyikiwa namna gani, haitapata zaidi ya nusu ya nguvu. Kwangu hiki ndicho kikomo chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye makala hii, kwa sababu moja ya kawaida sana: seva ikishambuliwa, wewe bado utaweza kuingia. Msimamizi anayesubiri dakika nyingi ili herufi moja aliyoandika itokee kwenye skrini hana tofauti na asiye na nywila.

Usisahau diski. Kujaza diski kwa faili kubwa ni kunyima huduma vilevile, na hakuhitaji kasoro yoyote ya programu. Folda za kupokelea ziwe kwenye sehemu yao ya diski, mbali na /var/log na mfumo, na kila akaunti iwe na mgao wake. Angalia na df -i, si df -h peke yake: maelfu kwa maelfu ya faili tupu humaliza nafasi za kuandikisha faili (inode) huku diski ikionyesha ina gigabaiti tele.

Kuhusu fail2ban nitasema kidogo. Ni chombo kizuri kwa wanaobahatisha nywila. Kwa udhaifu tunaouzungumzia hakina msaada mkubwa, maana aliyeingia kwa akaunti halali hana jaribio lililoshindwa la kuandikwa kwenye logi.

Jaribu mwenyewe

Kikomo ambacho hujakijaribu ni matumaini tu. Jaribu kwenye mashine ya majaribio iliyo ndani ya kompyuta yako, iliyopewa mipangilio ileile, kamwe si kwenye seva inayotumika wala ya mtu mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na ile ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, zote zinahesabu kuvuruga mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na "nilikuwa najaribu" si utetezi.

Ili kupima max_per_ip, toka mashine nyingine uandike:

for i in $(seq 20); do sleep 60 | nc 192.168.56.10 21 & done

Badilisha anwani iwe ya mashine yako ya majaribio. Sita za kwanza zitapokea salamu inayoanza na 220. Zinazofuata zitapokea jibu linaloanza na 421, linalosema miunganisho kutoka anwani yako imezidi. Ukipata 220 ishirini, mipangilio yako haijasomwa. Huenda umehariri faili isiyo yenyewe, kosa la kawaida kwa anayehama kutoka Ubuntu kwenda Red Hat. Kwa ProFTPD, ingia kwa akaunti ya majaribio na utume LIST */../ mara moja tu, kipande kimoja. Ikikataliwa, kichujio kiko kazini, na huna haja ya kurudia vipande mpaka uiangushe.

Siku ikitokea

Mkono wa kwanza wa kila mtu huenda kwenye kuwasha upya mashine. Uzuie kwa dakika mbili. Ukiwasha upya umefuta ushahidi wote uliokuwa kwenye RAM, na mshambuliaji anarudi ndani ya dakika ileile. Hifadhi kwanza hali ilivyo:

ps -eo pid,user,etime,pcpu,args --sort=-pcpu | head -30 > /root/hali.txt
ss -tnp >> /root/hali.txt

Ikiwa uliwasha setproctitle_enable=YES kwenye vsftpd mapema, orodha hiyo ya michakato itakuonyesha kila kikao kiko katika hali gani na kimetoka wapi. Bila mstari huo utaona majina ya vsftpd yamejipanga, yote yanafanana, na utabaki kubahatisha.

Kisha ua michakato iliyokwama, mmoja mmoja, kuanzia inayokula prosesa zaidi. Ifungie akaunti iliyotumika, au anwani kwenye ukuta-moto, halafu mpigie simu mwenye akaunti kabla ya kumwita mhalifu. Mara nyingi anayeilaza seva ni skripti ya tawi fulani iliyoandikwa kujaribu tena kila ikishindwa, bila kupumzika hata sekunde moja, na kijana wa IT wa huko hana habari. Ikiwa ni shambulio kweli, na seva inabeba huduma za watu, Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA na Kenya kuna KE-CIRT wa kupokea taarifa. Watahitaji saa kamili, anwani na nakala ya logi, ile hali.txt ikiwemo.

Ukishairudisha huduma, washa log_ftp_protocol=YES kwa siku chache ili kila amri inayotumwa iandikwe; xferlog_std_format iwe NO, vinginevyo hakitaandikwa kitu. Humo ndimo utakapoiona amri yenyewe ikirudi, nyota zake na yote. Weka kikumbusho cha kuizima, na uhakikishe logrotate inaishughulikia faili hiyo, kwa sababu kwenye seva yenye kazi nyingi logi ya namna hiyo hujaza diski yenyewe bila msaada wa mtu.